Acha Ipi?

Mjomba wangu alifukuzwa kazi na geti. Sisemi alifukuzwa getini. Nasema geti lenyewe ndilo lililomfukuza. Miaka yote ile alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ghala la magodoro, lori likija anafungua, lori likitoka anafunga, na kati ya lori na lori anatazama barabara. Siku moja wakaja mafundi na waya zao, wakafunga mota ukutani, na tangu hapo geti likawa linafunguka lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Meneja akamshukuru kwa utumishi wake mwema. Mjomba akauliza kama anaweza kwenda na kile kiti, maana kilishachukua umbo lake. Akaambiwa kiti ni mali ya ghala.

Akarudi nyumbani mchana kweupe na koti lake la mvua begani. Mama alikuwa uani anaanika nguo.

"Kaka, mbona mapema? Unaumwa?"

"Geti limeajiriwa," akasema Mjomba, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwake, akalala na viatu.

Chumba chake ni kile cha nyuma ya nyumba yetu, kilichojengwa kiwe stoo kikaishia kuwa cha Mjomba. Kina kitanda, kiti kisicho na mgongo, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani kwa karibu sana, kama daktari wa macho. Mama ni dada yake mdogo, na alipompokea alisema ni kwa muda tu. Muda wenyewe sasa umeshaota mvi.

Mtaani wanamwita Kigogo. Ni jina la pande mbili, kama shati la kugeuza. Kigogo ni mtu mzito, anayepishwa njia. Kigogo pia ni kipande cha gogo kilichobaki baada ya kazi. Zamani, alipokuwa na biashara yake ya kuhudumia miti, alijitambulisha kwa upande wa kwanza. Siku hizi watu humwita kwa upande wa pili, na yeye huitika tu, maana kubisha nako kunataka nguvu.

Biashara hiyo walikuwa nayo wawili, yeye na Baba. Mjomba juu, Baba chini. Walipogoa matawi makavu, walipunguza miti iliyoelemea nyumba za watu, waling'oa visiki. Tawi kubwa halikatwi likaanguka tu, hasa likiwa juu ya kitu cha mtu. Mjomba alikuwa akilifunga kamba, akaipitisha kamba kwenye panda ya juu yake, ndipo akakata. Baba alikuwa ameshika mwisho wa kamba huku chini, ameizungusha kwenye shina ili mti wenyewe umsaidie uzito, akawa analegeza kidogo kidogo mpaka tawi linalala chini kama mgonjwa anayewekwa kitandani. Kwenye ubavu wa mkokoteni wao waliandika kwa rangi ya kijani: KIGOGO NA SHEMEJI. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka nilivyokuwa najigamba kwa ule mkokoteni kana kwamba una injini.

Kisha ikaja saluni.

Mti ulikuwa nyuma ya saluni ya kike, tawi lake limelala juu ya paa. Walifanya kila kitu kama kawaida. Mjomba alikata, tawi likaning'inia, Baba akaanza kulegeza. Upepo ukalisukuma tawi, likazunguka, ncha yake nene ikaelekea dirishani. Mjomba akapiga kelele kutoka juu: "Acha!"

Baba akaacha.

Tawi lilipitia paa, likapitia dari, likasimama wima katikati ya saluni kama mteja anayesubiri zamu. Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo jambo la kwanza Mama husema kila hadithi hii inapotajwa. Lakini kulikuwa na dada aliyekuwa amesukwa upande mmoja wa kichwa, akatoka mbio na hakurudi kumaliziwa. Alizunguka na kichwa cha nusu nusu hadi jioni, na kila aliyemuuliza alisimuliwa. Hakuna biashara iliyowahi kupata tangazo la kuenea haraka namna ile.

Msumeno wao wa injini uliuzwa ili paa lirudi. Wateja walikauka. Ila kilichowamaliza hasa ni neno lenyewe. Maana ajabu ya ugomvi wao ni kwamba walikubaliana kila kitu. Wote walikubali kwamba Mjomba alisema "acha". Wote walikubali kwamba alilisema kwa sauti. Walichokosana ni maana yake.

"Nilimwambia aache!" Mjomba alikuwa akilalama. "Aache kulegeza! Asimame! Mtu akikukanyaga unamwambia acha, si anaacha kukukanyaga?"

"Nilikuwa na kamba mkononi," Baba alikuwa akijibu. "Mtu mwenye kitu mkononi akiambiwa acha, anaacha kitu."

"Kitu huachiwa! Ningetaka uachie ningesema achia!"

"Kwa hiyo roho za watu zilitegemea herufi moja, nawe hukuniambia mapema?"

Mtaa uligawanyika. Muuza mkaa alikuwa upande wa Mjomba, kinyozi upande wa Baba. Mwalimu mmoja alisema kisarufi wote wako sawa, na kuanzia siku ile hakupendwa na upande wowote. Fundi baiskeli wa pale kona, aliposimuliwa mara ya kwanza, alipiga makofi akasema, "Acha, bwana!" na Mjomba nusura amtandike pampu, kwa kudhani anakejeliwa.

Kisha wakanyamaziana. Baba alirudi kwenye kazi yake ya kushona makochi barazani, Mjomba akaenda kukaa getini. Walilala kwenye kiwanja kimoja, wakala meza moja, na neno hawakupeana. Mama ndiye aliyekuwa njia.

"Mwambie kaka yako asogeze mguu, nataka kupita."

"Mwambie mumeo aseme mwenyewe, ana mdomo."

"Kaka, sogeza mguu," angesema Mama, na macho yake yako kwenye sufuria. Hakuwa na hasira. Hasira zilikwisha zamani, zikabaki zile pumzi ndefu anazozitoa mtu anapoinua ndoo ya pili.

Basi geti lilipoajiriwa, Mjomba alilala kwa siku kadhaa akitazama ukuta wa jirani. Sisi tukadhani anatafuta geti lingine kichwani. Asubuhi moja Mama akakuta kamba zinaning'inia kwenye uzi wa nguo, katikati ya mashuka yake. Zilikuwa kamba za miti. Zilikaa uvunguni mwa kitanda muda mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Mjomba alikuwa anazipitia kwa vidole, taratibu, anapapasa kila sehemu kama anayetafuta mwiba. Akifika palipooza, anakata.

"Kaka," Mama akasema, "una magoti gani ya kupanda miti?"

"Haya haya."

"Hata ngazi za benki unazipanda kwa kushika ukuta."

"Ngazi za benki hazina matawi ya kushika." Akakata kipande kingine. "Dada, mimi siwezi tena kukaa. Kukaa kunachosha. Nikikaa jioni nakuwa nimechoka kuliko aliyeshinda anabeba mawe, na sina hata cha kuonyesha. Kama ni kuchoka, acha..." Akajikatiza. Lile neno lilikuwa likimkwama kooni popote alipolikuta. "Kama ni kuchoka, bora nichoke juu ya mti."

Mama alihamisha mashuka yake kwenda kwenye uzi mwingine, na kwa Mama hiyo ni sahihi na muhuri.

Alikuwa na kamba, mkanda wa kupandia, kofia ngumu iliyopauka, na msumeno wa mkono kwa kuwa ule wa injini ulishakuwa paa la saluni. Alichokosa ni mtu wa kamba. Akaanza kuwajaribu watu. Alitundika gunia la mchanga kwenye boriti ya banda letu, mtu anashika kamba, naye anatoa amri. Mpagazi wa sokoni, mtu mwenye shingo kama kinu, alilishika gunia vizuri kabisa mpaka simu yake ilipoita. Akaipokea. Kwa mkono uleule. Gunia lilipasuka, na kuku wa jirani hawakutaga wiki ile. Fundi baiskeli naye akajaribu, lakini kila Mjomba akifungua mdomo kutoa amri, yeye alikuwa ameshaanza kucheka.

Baba aliyatazama yote hayo kutoka barazani, sindano ya makochi mdomoni. Nilimwona akifumba jicho moja kila kamba iliposhikwa vibaya, kama anayechomwa.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa mama mwenye shule ya chekechea, mtaa wa pili. Nilifuatana na Mjomba kuiona. Mkaratusi mkubwa ulisimama katikati ya uwanja, na tawi moja, kavu upande mmoja, limelala juu ya darasa. Paa la darasa lilikuwa jipya. Liling'aa kiasi cha kuumiza macho.

Mama Chekechea alimpima Mjomba kuanzia kofia hadi kiatu.

"Wewe si ndiye uliyeingiza mti saluni?"

"Tawi," akasema Mjomba. "Mti ulibaki nje."

Nikajua kazi imekwenda na maji. Lakini yule mama alicheka puani. "Wamekuja wengine kabla yako, wote wanataka kuuangusha mti mzima. Mimi nautaka. Watoto wangu wanacheza wapi nikiuangusha, juani? Nataka tawi lile tu liondoke kabla ya pepo kali. Umeyaona mabati yangu?"

"Nimeyaona."

"Yatazame tena."

Mjomba akayatazama tena.

"Jumamosi watoto hawapo. Likigusa bati langu, hata kwa jani, utatafuta mtaa mwingine wa kujiita fundi. Huu utakuwa umekwisha. Na nani atashika kamba?"

"Nina mtu," Mjomba akasema.

Hakuwa na mtu. Njiani kurudi, alipofika kwenye mlima ule mdogo karibu na kwetu alisimama kupumzika akijifanya anasoma tangazo la shule ya udereva. Nilimwacha asome. Alilisoma mpaka pumzi zikarudi.

Jioni hiyo tulipokaa kula, Baba akaanza kama desturi: "Mwambie kaka yako..."

"Siambii," akasema Mama.

Vijiko vikasimama.

"Mnara wa simu umezimwa," akasema Mama. "Tangu asubuhi nimefua, nimepika, nimekwenda hospitali kupanga foleni, nimerudi. Nimewabebea maneno yenu miaka yote hii, na hakuna hata moja lenye maana. Chumvi. Mguu. Mlango. Anayetaka kusema aseme, asiyetaka ale."

Alilisema bila kuinua sauti, na ndiyo maana liliingia. Kisha Mjomba akaweka kijiko chini, akaiangalia sahani yake kama ndiyo anayoisemesha.

"Shemeji."

Baba akameza. "Naam."

Nilimtazama Mama nikidhani atafurahi. Hakufurahi. Aliegemea tu kiti na kufumba macho, kama mtu aliyetua mzigo na bado anausikia mabegani.

"Nina kazi Jumamosi," akasema Mjomba. "Nataka mtu wa kamba."

"Si unaye mpagazi?"

"Alipokea simu."

"Nilimwona." Baba alikohoa ili asicheke. "Shemeji, mimi nina makochi ya watu pale nje. Na mikono yangu si ile." Akavitazama viganja vyake. Vina makovu mawili, moja kila mkono, marefu, yanayong'aa kidogo. Siku zote alituambia ni ya sindano. "Halafu wewe ukifika juu utalisema tena lile neno."

"Silisemi."

"Utalisema. Ulizaliwa nalo."

"Basi chagua wewe neno."

Hapo ndipo wakaanza, na kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili timamu nikasikia watani wawili wakitaniana. Mjomba akasema, "Simama."

"Nitakuwa nimesimama. Unadhani kamba naishika nimelala?"

"Ngoja."

"Ngoja ni ya kinyozi. Ukimsikia anasema ngoja, ujue ameshakukata."

"Tulia."

"Nani atulie, mimi au tawi?"

"Basi!"

"Basi nitadhani umemaliza, nikaenda kunywa maji."

"Shemeji, una neno lolote unaloliamini wewe?"

"Nililiamini moja tu, likaniangushia paa."

Mama, macho bado yamefumbwa, akasema: "Ganda."

Wote wakamgeukia.

"Ganda," akarudia. "Kitu kilichoganda hakisogei mbele, hakisogei nyuma. Kusimamisha ni ganda. Kushusha ni legeza. Na kuachia kabisa, Mungu apishe mbali, ni mwaga. Semeni."

"Ganda," wakasema wote wawili. "Legeza. Mwaga."

"Na lile lingine lisisikike kwenye nyumba hii."

Alituchosha kwa kuwarudisha rudisha, akiwakaririsha kama darasa la chekechea lenyewe, mpaka chakula kikapoa. Mimi na nusu diploma yangu ya biashara nilijaribu kushauri wafikirie pia upya jina la kampuni, Mama akaniambia nikaoshe vyombo.

Ijumaa Baba hakushona kochi la mtu. Alishona glovu. Alikuwa na mabaki ya ngozi ya kochi, rangi ya maziwa, yenye maua yaliyochapwa, akazishona nene viganjani, mishono ile ya mara mbili anayowawekea wateja wenye watoto wengi. Hakusema ni za nini, wala hakuna aliyeuliza.

Jumamosi tukasukuma mkokoteni wa kuazima hadi chekechea. Mama Chekechea alikuwa amekwishafika, amekaa kwenye ngazi za ofisi yake na mwavuli, kama refa. Kazi yangu ilikuwa kuzuia wapita njia wasiingie uwanjani. Hakukuwa na wapita njia, kwa hiyo niliona kila kitu.

Mjomba alipanda kama mtu anayerudi nyumba aliyoihama. Ngazi ikamfikisha kwenye panda ya kwanza, akapumzika. Akavuka hadi ya pili, akapumzika zaidi. Kutoka chini niliona goti lake moja likitetemeka ndani ya suruali, lenyewe, kama lina shughuli zake. Alikata kwanza vitawi vidogo kwa msumeno wa mkono, krii, krii, krii, na baada ya kila kimoja aliegemeza paji la uso kwenye gome la mti. Zamani injini ingeifanya kazi ile huku yeye anapiga mluzi. Sasa mti na yeye walikuwa wanachoshana.

"Shemeji, uko hai?" Baba akaita.

"Nusu!"

"Shusha nusu iliyo hai, tuibakize ile nyingine!"

"Nusu hiyo hiyo ndiyo iliyokuoza dada yangu!"

Baba akacheka, akazungusha kamba kwenye shina, akavaa glovu zake za maua, akachukua nafasi yake. Miguu aliipanua kwa namna ile ile ya zamani. Nilikuwa nimeisahau, na nilipoiona nikahisi nimesimama tena kando ya ule mkokoteni wa maandishi ya kijani.

Lile tawi kubwa likafungwa. Mjomba akalikata kwanza kidogo kwa chini, ili lisichane gome likivunjika, kisha akahamia juu yake. Krii, krii. Akapumzika. Krii. Likalia mlio mkavu, likakatika, likaning'inia kwenye kamba, juu ya mabati yanayong'aa. Kamba ikanyooka mpaka ikaimba.

"Legeza!"

Baba akalegeza. Tawi likashuka.

"Legeza! Legeza! Ganda!"

Likaganda hewani. Mama Chekechea akakunja mwavuli.

"Legeza!"

Tawi likaanza kupita ukingo wa paa, pembeni kabisa, na nikaanza kupumua. Hapo upepo ukaja. Haukuwa mkubwa, ulikuwa ule wa kupeperusha nguo kambani, lakini tawi likageuka, polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake. Kishina chake kimoja, mabaki ya kitawi kilichokatwa, kikaelekea kwenye ukingo wa bati, na Mjomba, amechoka, amekumbatia mti kwa mkono mmoja, alifungua mdomo, na yale yote tuliyokariri mpaka chakula kikapoa yakaruka.

"Acha!"

Nilifumba macho. Najua si heshima kwa mtu aliyepewa kazi ya ulinzi, lakini nilifumba. Nikasubiri mlio wa mabati.

Badala yake nikasikia sauti ya Baba, ya juu, ya mtu aliyebanwa.

"Acha ipi?"

Nikafumbua. Baba alikuwa ameegemea nyuma, visigino vimezama kwenye mchanga, kamba imekaza mikononi mwake. Tawi lilikuwa limetulia, kishina chake kipo hewani mbele ya bati, nafasi ya kupitisha kiganja, zaidi ya hapo hapana. Kule juu Mjomba alikuwa kimya. Alikuwa kimya muda mrefu mno.

"Shemeji! Nakuuliza! Acha ipi?"

"Ngoja nifikiri!"

"Unafikiri saa hizi?"

"Ile... ile ya kuganda!"

"Si useme ganda!"

"Ganda!"

"Nimeshaganda muda mrefu, mwanamume wewe! Nimeganda kabla hujasema!"

Mama Chekechea alikuwa amekamata kichwa kwa mikono miwili, mwavuli umeanguka. Upepo ukapita. Tawi likarudi lilikotoka, taratibu, kwa hiari yake. Mjomba akasema legeza kwa sauti ndogo, akarudia, na Baba akalegeza, na tawi likashuka kandokando ya ukuta mpaka likagusa uwanja, likakaa, kama mzee anayeketi bila kusaidiwa.

Mjomba alichukua muda mrefu kushuka kuliko alivyopanda. Mama Chekechea alizunguka darasa lake lote, akatazama bati moja moja, akakosa kasoro, na ilionekana kukosa huko kulimkera kidogo. Akaenda kuleta maji. Akasema kwa ubaridi kwamba dada yake ana mti unaoelemea ukuta, waende wakauone Jumatatu.

Hakukuwa na pa kukaa ila viti vya watoto. Basi wakaketi pale chini ya mkaratusi, watu wazima wawili kwenye viti vyekundu vya kufikia kifundo cha mguu, magoti ya Mjomba yamefika karibu na masikio. Baba alivua glovu. Ngozi ya glovu ya mkono wa kulia ilikuwa imeungua mpaka imetoboka, maua yote yamefutika. Chini yake mkono ulikuwa mzima, mwekundu tu, na lile kovu refu limepita palepale ambapo kamba ilipita leo. Mjomba akaliangalia. Nadhani na yeye siku zote aliamini ni la sindano.

"Shemeji," Baba akasema, akichezea kile kitobo. "Nikuulize. Ile ya saluni. Ilikuwa acha ipi?"

Nilijua jibu. Mtaa mzima ulijua jibu. Tulilisikia miaka na miaka, aache kulegeza, asimame, kitu huachiwa. Mjomba akafungua mdomo kulitoa, akaufunga. Akakunywa maji. Akatazama juu, kwenye kidonda cheupe cha mti palipokatwa.

"Sijui," akasema. "Siku nyingi sijui. Nilikuwa nimechoka, shemeji. Tulifanya kazi tangu alfajiri bila kula. Pengine nilikuwa najiambia mimi."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Mimi kamba ilikuwa inaniunguza," akasema. "Nilisikia neno, nikasikia nililolitaka."

Basi. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyemkumbatia mwenzake, kwanza kutoka kwenye vile viti kulihitaji msaada. Ilibidi niwavute mmoja mmoja.

Nyumbani nilimsimulia Mama mimi, maana wao hawakuwa na nguvu. Nilipofika pale kwenye upepo, na Mjomba kusahau, na lile neno kutoka, Mama akashika mdomo.

"Acha!"

"Ipi?" wakauliza wote wawili kwa pamoja, bila kuinua vichwa.

Mama alianza kucheka, lakini kicheko kikamwishia njiani, kikageuka ile pumzi ndefu. Akapakua chakula. Mjomba alikula nusu, akalala palepale kitini, kidevu kifuani, kijiko bado kimeshikwa. Vumbi la msumeno lilikuwa kwenye nyusi zake. Nikawaza Jumatatu, na ule mti wa dada yake Mama Chekechea, na yale magoti. Sikuona yatafikaje. Sikuona pia yangebakije nyumbani.

Baba alinyanyuka kwenda kulala, akakuta mguu wa Mjomba umeziba njia. Akageuka kumtazama Mama kwa mazoea, mdomo umeshaanza kufunguka. Kisha akainama.

"Shemeji," akasema. "Mguu."

Mjomba, macho yamefumbwa, akausogeza.